Kishikwambi, simu janja au kiswaswadu: kipi kinafaa kujifunzia Mtwara na Lindi?

Watu wanaonipigia kuulizia vifaa vya kujifunzia ni wa namna tatu. Yupo mkuu wa shule aliyechangiwa fedha na wahitimu wa zamani, naye anataka vishikwambi. Yupo mkufunzi wa chuo ambaye wanafunzi wake karibu wote wana simu janja, hajaamua kama azitumie au azipige marufuku darasani. Na yupo kiongozi wa chama cha msingi cha ushirika, au msimamizi wa kiwanda cha kubangua korosho, au mganga mfawidhi wa zahanati, ambaye watu wake wanatakiwa wajifunze jambo jipya na hawezi kufunga kazi wiki nzima awapeleke semina mjini.

Wote wanaanza na swali lilelile: "Tununue kipi?" Nami nawarudishia langu: usiku kitalala wapi?

Nilifundisha sekondari miaka kumi kabla ya kuingia kwenye kazi hii ya kuzunguka na walimu na vikundi, na sijapata swali jingine linalotenganisha haraka kifaa kitakachofundisha na kitakachokufa. Kifaa kinacholala kabatini kina mwenye funguo. Kinacholala chini ya mto kina mwenyewe anayekijali. Kinacholala mfukoni mwa mfanyakazi kinakula vocha ya mtu mwenye watoto na kodi ya nyumba. Ukishajua hilo, habari za ukubwa wa kioo na idadi ya kamera zinakuja baadaye sana.

Jambo la pili la kuangalia ni umbali. Kwa Sensa ya 2022, Mtwara ina watu 1,634,947 na Lindi 1,194,028, lakini eneo la Lindi ni karibu mara nne ya lile la Mtwara. Masasi kifaa kikiharibika asubuhi, jioni fundi ameshakifungua. Ukiwa ndani ya Liwale, kifaa hichohicho kinasubiri basi, kinasubiri mtu wa kukibeba, kinasubiri kipuri kitoke Dar es Salaam. Kwa hiyo nikisema hapa kwamba kitu fulani kinafaa, jiulize kwanza uko upande gani wa barabara.

Shuleni: cha kila mtoto, au cha kikundi?

Nianze na kisa, maana kimenifundisha kuliko semina zote nilizohudhuria. Shule moja ya sekondari ya kutwa, siitaji, ilipewa vishikwambi ishirini. Tulivipokea kwa furaha, tukavipanga kabatini kwenye chumba cha mwalimu wa TEHAMA, tukaandika namba kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya kila kimoja. Muhula wa kwanza vilifanya kazi. Mwezi wa kumi mwalimu yule akahamishwa. Funguo zikabaki kwa msaidizi wake, msaidizi akaenda likizo ya uzazi, shule ikafungwa Desemba. Januari tulipofungua kabati, vyote vilikuwa vimezima. Vingine viliamka baada ya kukaa kwenye chaji siku nzima. Vitatu betri zilikuwa zimevimba mpaka kioo kimeinuka pembeni, ukikibonyeza kinarudi juu kama kifuniko cha sufuria. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyefanya ubaya. Vilikosa mtu wa kulala navyo.

Betri ya lithiamu haipendi kukaa tupu. Ukiiacha miezi miwili ikiwa na asilimia mbili, unaweza kuiua. Ukitaka kuiweka muda mrefu, iache na chaji ya nusu hivi, na irudiwe kila mwezi. Jambo hili dogo ndilo linalopaswa kuwa kwenye mkataba wa mfadhili, kabla ya picha ya makabidhiano.

Sasa linganisha na kilichofanyika Tanga. Kati ya mwisho wa 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto katika vijiji 170 hivi vya mkoa ule, vikiwa na programu za kusoma, kuandika na hesabu kwa Kiswahili. Watoto wengi hawakuwa wanakwenda shule kabisa. Vifaa havikukaa ofisini: vilikwenda nyumbani na watoto, na kijijini kukawekwa kituo cha kuchajia kwa sola. Mwaka 2019 ushindi uligawanywa kati ya timu mbili, Kitkit School na onebillion, na watoto walionekana wamepiga hatua katika kusoma. Watu wengi wakisikia habari ile wanakumbuka programu. Mimi nakumbuka kituo cha sola, na uamuzi wa kumwacha mtoto aondoke na kifaa.

Je, shule ya kata ya Tandahimba iige hivyo? Kwa fedha nilizoona mikononi mwa wakuu wengi wa shule, hapana. Vijiji vile vilikuwa na mradi mkubwa nyuma yao. Shule yenye wanafunzi 500 na fedha za vishikwambi ishirini ikijaribu kumpa kila mtoto, itachagua ishirini na kuwaumiza 480. Kwa shule ya namna hiyo napendelea vifaa vinane hadi kumi, vizuri, vyenye makava magumu ya mpira, watoto watano kwa kimoja. Kilichobaki kwenye fedha kinunue sola ndogo, sehemu ya kuchajia yenye matundu mengi, na spika. Watoto watano kwenye kioo kimoja wanabishana, na hesabu inaingia katika ule ubishi. Kasoro yake ni kwamba mtoto mmoja, mara nyingi mvulana mwenye sauti, anakishika muda wote. Ukiwa mwalimu, weka zamu: kifaa kihame mkono kila baada ya swali, na asiyekishika ndiye anayesoma swali kwa sauti.

Darasa likiwa na watoto 80 au zaidi, hata vishikwambi kumi havikusaidii sana katika kipindi cha dakika 40. Nusu ya muda inakwenda kwenye kugawa na kukusanya. Hapo projekta moja iliyounganishwa na simu au kishikwambi cha mwalimu inashinda. Moyo ukipampu damu ukutani, wote 80 wanauona kwa wakati mmoja, na mwalimu anaweza kusimamisha picha na kuuliza. Vishikwambi vya kikundi viachie klabu ya jioni na saa ya maktaba.

Na usisahau kwamba walimu wengi tayari wanacho kifaa. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi ile kwisha. Kabla hujanunua kipya, zunguka ofisi ya walimu uulize vile viko wapi na vinafanya nini. Nimekuta vinavyotumika kuandaa masomo na kusoma moduli za MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Nimekuta pia vilivyogeuka kuwa televisheni ya nyumbani. Mwalimu aliyezoea kujifunza kwa kishikwambi ndiye atakayejua kumfundisha mtoto kwa kishikwambi, kwa hiyo mimi ningeanzia hapo.

Simu za wanafunzi wenyewe? Shule nyingi hazizikubali, na sitagombana na wakuu wa shule juu ya hilo. Lakini jioni mtoto anarudi nyumbani, na nyumbani kuna simu ya baba au ya mama. Shule inaweza kumtumia mzazi ujumbe mfupi wenye maswali matatu, ambayo mtoto ayafanye kwenye daftari. Ujumbe mmoja wa kawaida unabeba herufi 160, zinazotosha swali moja la hesabu lililoandikwa vizuri. Nimeliona hili likifanya kazi vizuri zaidi kwa wasichana wakati ujumbe unakwenda kwa mama. Ukienda kwa baba, simu inaondoka naye kwenda kijiweni.

Bando, au sanduku lisilohitaji mtandao?

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Njia ya kwanza ni kununua bando na kuingia moja kwa moja mtandaoni. Faida yake inaonekana. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya kusoma bure, Baraza la Mitihani linaweka ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na mwalimu wa fizikia anayezisoma ripoti hizo anaona hasa wanafunzi wanakosea wapi. Hakuna kitabu cha dukani kitakachokupa hilo.

Njia ya pili ni kuweka maudhui ndani ya kifaa kidogo kisichohitaji intaneti. Ipo programu ya bure iitwayo Kolibri, imetengenezwa kwa ajili ya mahali kama petu. Unaipakua mara moja pamoja na masomo, unaiweka kwenye kompyuta yoyote au kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayotosha kwenye kiganja, halafu vishikwambi vinaungana nayo kwa Wi-Fi ya humohumo chumbani. Hakuna bando linaloliwa. Kiwix inafanya vivyo hivyo kwa Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili. Sanduku zima linakula umeme kidogo kiasi kwamba pawabenki nzuri inaliendesha kwa saa kadhaa umeme ukikatika.

Ukinilazimisha nichague moja kwa shule iliyo nje ya mji, nachagua sanduku. Nina sababu mbili, na ya kwanza ni Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi ule Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, mvua ikakata barabara ya Dar es Salaam upande wa Somanga, mabasi na malori yakakwama. Tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zikapata hitilafu, na intaneti ikadorora nchi nzima. Ndani ya mwezi mmoja mtu wa Lindi alipata siku ambazo hakuweza kuletewa kitabu kwa basi, kisha siku ambazo kukipakua kwenye simu kulikuwa taabu. Madarasa yenye masomo ndani ya sanduku hayakuhitaji barabara wala waya wa baharini.

Sababu ya pili ni usimamizi. Mtoto mwenye bando na kishikwambi ana dunia nzima mbele yake, na somo la usanisinuru linashindana na video za mpira. Ndani ya sanduku kuna ulichoweka wewe. Mwalimu anapumua, mzazi naye anapumua.

Lakini sanduku lina ugonjwa wake: linazeeka. Muhtasari mpya wa masomo ulipoanza kutumika Januari 2024, maudhui yaliyopakuliwa kabla ya hapo hayakuujua. Mtu lazima alipeleke mjini mara moja kwa muhula, alisasishe kwenye mtandao wenye kasi, alirudishe. Kama shule haina mtu huyo mwenye jina na nauli, sanduku litakuwa maktaba ya mwaka juzi. Sekondari ina tatizo jingine tena. Mtoto anatoka shule ya msingi alikosoma kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza na masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Video nzuri ya kemia kwa Kiingereza chenye kasi haimsaidii. Kitu cha kwanza ninachoweka kwenye kila kifaa cha kidato cha kwanza ni kamusi inayofanya kazi bila mtandao. Baada ya hiyo ndipo video, tena zenye maandishi chini ili aweze kusimamisha na kusoma.

Kwa asiyeweza hata sanduku, ipo kadi ya memori. Ukiijaza vitabu vya PDF na sauti za masomo, ukaipitisha kwenye simu kumi, umefungua maktaba. Wanaorusha miziki kwenye simu pale stendi wanaijua kazi hii kuliko wataalamu wengi, na nimewahi kumlipa mmoja wao anijazie kadi thelathini kwa mchana mmoja.

Chuoni: simu ya mkononi inatosha?

Mwanafunzi wa chuo analala na simu yake. Kabati halipo, wala funguo hazipo. Tatizo la shule limekwisha, limezaliwa jingine: kioo cha inchi sita na mtu anayetakiwa kuandika ripoti ya kurasa arobaini.

Kwa vyuo vya ufundi, simu janja imenishangaza kwa uzuri. Mwaka 2016 VETA na Airtel walizindua VSOMO, programu ambayo mwanafunzi anasoma nadharia kwenye simu kisha anakwenda kufanya vitendo kwenye karakana. Mgawanyo ule una akili, maana hakuna anayejifunza kuchomelea kwa kidole. Ila simu inafanya kazi moja ambayo daftari haiwezi: inamwonyesha fundi mkono wake mwenyewe. Nilikaa siku moja na vijana wa uchomeleaji. Mmoja alikuwa anarekodi mwenzake kwa sekunde thelathini, kisha wanaangalia pamoja. "Ona, hapa mkono umekimbia," mwalimu wao akamwambia, akisimamisha picha pale ambapo mshono umekuwa mwembamba. Kijana alikuwa ameambiwa jambo hilo wiki nzima. Siku ile alijiona, na pande lililofuata lilikuwa na mshono ulionyooka.

Kwa kozi za kuandika na kuhesabu, kama uhasibu, ualimu au shahada ya Chuo Kikuu Huria anayoisoma mtu huku anafanya kazi, simu peke yake inachosha. Inasoma vizuri, inaandika vibaya. Mwanafunzi anayebana matumizi na kuulizia kishikwambi au kompyuta mpakato namwambia hivi: ukiwa na simu janja tayari, ruka kishikwambi, kusanya fedha ya mpakato hata kama imetumika, maana kishikwambi kitakupa kioo kikubwa cha kusoma na bado utahangaika kuandika. Kama simu yako ni kiswaswadu, yaani simu ndogo ya vitufe, na fedha haifiki mpakato, simu janja nzuri yenye kibodi ya nje ya Bluetooth inakuvusha mwaka wa kwanza. Kishikwambi nakishauri kwa mtu mmoja tu chuoni, yule anayesoma vitabu vingi vya PDF na macho yake yanaumia. Kwake kinastahili kila shilingi.

Wakufunzi wanauliza zaidi kuhusu WhatsApp dhidi ya mfumo rasmi wa chuo. Grupu la WhatsApp limeshashinda kwa mazoea. Kila mtu yumo, bando lake ni nafuu, voisi inasikika hata mtandao ukisuasua. Kwa kutangaza, kuuliza na kujibu, liacheni lifanye kazi. Linaposhindwa ni kwenye kumbukumbu. Kazi iliyotumwa Jumanne, ifikapo Ijumaa imezikwa chini ya salamu za asubuhi, pole za msiba na picha za mahafali. Mwanafunzi aliyebadili simu amepoteza kila kitu. Mfumo rasmi ni mzito kuufungua, lakini unatunza tarehe, alama na nani alileta nini. Mgawanyo niliouona ukidumu ni huu: mazungumzo WhatsApp, kazi na alama kwenye mfumo, na mkufunzi anakataa bila huruma kupokea kazi kwa njia ya kwanza. Akilegeza mara moja, mfumo umekufa.

Na wanafunzi wa uuguzi wanapokwenda mazoezini hospitalini, simu ibaki mfukoni wodini. Picha ya kidonda cha mgonjwa kwenye grupu la darasa, hata kwa nia ya kujifunza, ni kosa kwa mgonjwa. Sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozihesabu habari za afya kuwa nyeti. Wachore. Kuchora kidonda kwa penseli kunamlazimisha mtu akiangalie kuliko kamera.

Kazini: kiswaswadu kinapoishinda simu janja

Wengi wanakidharau kiswaswadu. Mimi nakitetea. Kinakaa na chaji siku tatu nne, kikianguka kwenye sakafu ya ghala kinaokotwa kikiwa kinaongea, na hakimwibii mtu usingizi. Na kimeshafundisha nchi hii: kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza 2012, iliwatumia wajawazito na wazazi ujumbe mfupi wa bure kulingana na umri wa mimba au mtoto. Mtu alijiunga kwa kutuma neno kwenda 15001. Mama wa Nanyumbu na mama wa Kinondoni walipata somo lilelile wiki ileile, bila programu wala bando.

Mahali nilipolielewa jambo hili kwa macho yangu ni kwenye kikundi cha kina mama wabanguaji. Walikuwa wanatakiwa kujifunza taratibu za usafi na kupanga madaraja ya korosho iliyobanguliwa, ile nzima na ile iliyovunjika. Aliyeandaa mafunzo alileta simu janja tano zenye video nzuri kabisa. Tatizo lilionekana dakika ya kwanza. Ganda la korosho lina mafuta yanayochoma ngozi, kwa hiyo kina mama hupaka mikono mafuta mengine kujikinga kabla ya kushika kazi. Mama wa kwanza aligusa kioo, kikateleza. Akagusa tena, kikafungua kitu kingine. Akajifuta kwa kanga, akajaribu kwa kifundo cha kidole, akacheka kwa aibu na kumpa mwenzake simu. Mkononi mwa mwenzake ikawa vilevile.

Tulichofanya baadaye ni kuyageuza masomo kuwa sauti. Dakika sita sita, zikisomwa na mama mmoja wao kwa Kiswahili chetu cha huku, na pale neno la kitaalamu lilipokuwa gumu akalieleza kwa Kimakonde. Tukaziweka kwenye kadi za memori, kadi zikaingia kwenye viswaswadu vyenye redio na spika kubwa, kiswaswadu kikatundikwa kwenye msumari juu ya meza. Mikono inabangua, masikio yanasoma. Kwenye mapumziko wanabishana juu ya walichosikia. Kwa somo lililohitaji macho, yaani rangi na umbo la kila daraja, tulibandika ubao wenye korosho halisi zilizopangwa. Hakuna aliyeikumbuka video.

Sauti ina faida ya hesabu pia. Saa moja ya sauti ya ubora wa kawaida, kilobiti 64 kwa sekunde, ni kama megabaiti 29. Ukiipunguza hadi kilobiti 32, ambayo kwa maongezi bado inasikika vizuri, ni megabaiti 14 na kidogo. Saa moja ya video, hata isiyo kali, inakula mamia ya megabaiti. Mfanyakazi anayejilipia bando analiona hilo kabla yako.

Simu janja inachukua nafasi yake kazini pale ambapo kinachofundishwa ni cha kuona na mikono ni mikavu. Afisa ugani akiwa shambani Newala anakutana na majani ya mkorosho yenye unga mweupe. Anapiga picha, anamtumia mwenzake mwenye uzoefu, anathibitisha kwamba ni ugonjwa wa ubwiriunga, anamwonyesha mkulima palepale. Karani wa ghala akijifunza kuchukua sampuli na kuhesabu korosho kwa kilo, video ya dakika tatu anayoirudia kabla gari la kwanza la msimu halijafika inamfaa kuliko kijitabu. Hapo usiokoe fedha kwa kununua simu yenye kamera mbovu. Picha yenye ukungu itamfanya mkulima apulizie dawa isiyo yake.

Linabaki swali la simu ya nani. Mwajiri anayesema "tumieni simu zenu" anadhani ameokoa fedha. Mfanyakazi atafungua somo siku ya kwanza, la pili atalihifadhi, la tatu hatalifungua, kwa sababu bando ni lake na muda ni wake. Kama kujifunza ni sehemu ya kazi, bando liwe sehemu ya mshahara, na dakika za kusoma ziwe ndani ya saa za kazi. Simu ya ofisi nayo ina gharama ya kulindwa na kutunzwa, na ikiwa moja kwa watu wanane inarudia ugonjwa wa kabati. Kwa kundi dogo napendelea simu za wenyewe na bando la mwajiri. Kwa wafanyakazi wa zamu, kama walinzi au watu wa bandarini, simu mbili za ofisi zinazokabidhiwa pamoja na daftari la zamu zinafanya vizuri, kwa kuwa daftari lile tayari lina mwenyewe kila saa.

Machache ya pwani

Ukiwa Mikindani, Msimbati au Kilwa Masoko, chumvi ya hewani inakula tundu la chaji. Nunua makava yenye kizibo, au weka desturi ya kufunga vifaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Kwa shule yenye vifaa kumi, tenga chaji mbili za akiba na waya nne, maana waya ndio unaokufa kwanza. Kagua pia kwamba vyote vinatumia tundu la aina moja. Nimeona shule yenye vishikwambi vya aina tatu na aina tatu za waya, na kila asubuhi ni kutafutana. Laini za simu zikihitajika kwa wanafunzi walio chini ya miaka 18, zisajiliwe kwa jina la mzazi au mlezi anayejua zinatumikaje.

Kabla ya kutoa fedha, fanya jaribio moja. Azima kifaa cha aina unayotaka kununua, kwa wiki mbili, ukiweke pale kitakapotumika kweli, kwa watu watakaokitumia kweli. Chukua daftari la kurasa 40. Kila jioni mtu mmoja aandike vitu vinne: nani alikuwa nacho, alifungua somo gani, chaji ilibaki asilimia ngapi, na kimelala wapi. Ukikuta kurasa tatu mfululizo hazijaandikwa, mpigie yule mtu umuulize kwa nini kabla hujampigia muuzaji.